Boya Lililolala na Ng'ombe

Kutoka kata ya Baray, wilayani Karatu, hadi ufuko wa bahari ulio karibu zaidi ni safari ya basi inayochosha hata wasiolipa nauli. Silvanus Bura hajawahi kuifanya. Ana miaka hamsini na kitu, analima vitunguu na mahindi, na katika maisha yake yote ameona maji ya aina mbili: ya mfereji, na ya Ziwa Eyasi, ambalo kuna miaka hujaa na kuna miaka hugeuka uwanja mweupe wa magadi. Hata hivyo, kwa muda wa miezi kadhaa nyumba yake ilikuwa kituo kilichoaminika kuliko vyote nchini katika utabiri wa mawimbi.

Ni mrefu, hatembei haraka, na huongea kama mtu anayeazima maneno na kukusudia kuyarudisha yakiwa kamili. Mkewe, Brigita, ndiye anayecheka kwa niaba ya nyumba nzima. Mabinti zao wameolewa. Wa mwisho, Laurencia, yuko Endabash. Wamebaki wao wawili na ng'ombe, na ng'ombe hao, katika kipindi ambacho habari hii inaanza, wote walikuwa wa kwao wenyewe.

Kwa mgeni, hiyo ni sifa. Kwa Wairaqw wa Baray ni jambo la kusikitisha. Mwiraqw mwenye akili hafugi mali yake yote mahali pamoja. Ng'ombe mmoja humpeleka kwa shemeji, mwingine kwa jirani wa kijiji cha pili, ili ugonjwa au ukame usimfilisi siku moja. Anayepokea hukamua maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenyewe, ingawa mtunzaji mwema huenda akapewa mmoja baada ya miaka. Masharti hayaandikwi popote. Ng'ombe wa mtu alale ndani, chini ya paa moja na watu. Mwenyewe akija kumwona, na huja bila taarifa, apewe maziwa kwanza, kisha aonyeshwe mali yake. Ndiyo maana nyumba yenye ng'ombe wa watu wengine ni nyumba inayoaminika, na nyumba isiyo nao kila mtu anajua kuna sababu.

Sababu ya Silvanus ilikuwa mtamba wa Marsela, mjane anayeishi ng'ambo ya mfereji. Siku ya harusi ya Laurencia, Silvanus na mkewe walichelewa Endabash, na mtamba yule, ambaye alikuwa na tabia ya kukaidi mlango, akabaki nje. Fisi hawakukaidi. Silvanus alimpelekea Marsela ngozi, kama desturi inavyotaka. Marsela aliipokea, akaitandika uani, na hakusema neno. Angelimtukana, mambo yangeliisha siku ile. Badala yake, katika mwaka uliofuata, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wameweka ng'ombe wao kwa Silvanus walikuja kuwachukua, kila mmoja akiwa na udhuru mzuri: huyu anaozesha, yule amepata malisho mapya. Wote waliagana naye kwa heshima kubwa.

Hali ilikuwa hivyo mradi ulipofika.

Mradi wenyewe ulikuwa wa bahari. Kuanzia Tanga hadi Mtwara yaliwekwa maboya ya manjano, kila moja likiwa duara na kubwa kama boga la kushinda mashindano. Ndani ya boya kuna kifaa kinachohisi kupanda na kushuka. Kila baada ya muda mfupi boya hutuma kwa setelaiti habari za mawimbi lililoyahisi, na kompyuta jijini Dar es Salaam huzipokea, huzilinganisha na upepo unaotarajiwa, hujisahihisha, kisha hutabiri mawimbi ya saa zinazofuata. Wavuvi hupata meseji: ingieni, au msiingie. Ni mpango mzuri na umesaidia watu.

Boya moja lilibaki, kwa kuwa maboya yalinunuliwa kabla vituo havijahesabiwa. Mwongozo wa mradi ulisema vifaa ni kwa ajili ya jamii zinazoishi ufukweni, na ofisa mmoja wa Karatu akakumbusha, bila kukosea, kwamba watu wa Baray wanaishi ufukweni. Mvua za El-Nino zilikuwa zimelijaza Ziwa Eyasi, kambale walikuwa wengi, na wakulima wa vitunguu walikuwa wamegeuka wavuvi kabla ya kujifunza kuogelea. Mwaka uliotangulia, upepo wa alasiri ulikuwa umepindua mtumbwi na watu wawili hawakurudi. Hakuna aliyethubutu kufanya mzaha kuhusu boya.

Makabidhiano yalifanyika mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa, yakiwa na hotuba. Silvanus alichaguliwa kuwa mtunzaji kwa sababu nyumba yake iko kwenye mwinuko juu tu ya mwalo, na kwa sababu wavuvi, ambao wangefaa zaidi, walikuwa ziwani. Ofisa wa mradi alimshika mkono mbele ya watu na kutamka sentensi ambayo bila shaka amekwisha kuitamka Tanga, Pangani na Kilwa bila madhara yoyote.

“Bwana Silvanus, tunakukabidhi mali hii. Itunze kama ya kwako.”

Silvanus aliuliza swali moja. “Mwenyewe atakuja lini kuiona?”

“Tutakuwa tunakuja mara kwa mara.”

“Kwa taarifa au bila taarifa?”

“Wakati wowote,” alisema ofisa, akifurahi kumpata mtu makini.

Marsela alikuwepo na alisikia. Silvanus alihakikisha hilo kwa macho kabla ya kuuachia mkono wa ofisa. Mbele ya mwanamke aliyepoteza mtamba, watu kutoka Dar es Salaam walikuwa wamemwamini kwa mali ambayo, kwa ilivyosemwa, ilikuwa na thamani ya kundi zima la ng'ombe. Alijua kwamba asingepata nafasi nyingine ya kuonyesha yeye ni mtu wa namna gani.

Jioni ile, gari la mradi lilipokwisha kupotea kwenye vumbi, alivua viatu, akaingia ziwani hadi maji yakamfika kifuani, akalifungua boya kutoka kwenye mnyororo wake, akalibeba hadi nyumbani. Alilitandikia nyasi kavu katikati ya ng'ombe. Asubuhi, mifugo ilipokwisha kutoka, akalirudisha majini. Alifanya hivyo kila siku, mvua kwa jua, akiwa mzima na akiwa na homa. Siku mbili alipougua kweli, Brigita alilibeba kichwani.

Hakuficha lolote. Wavuvi walimwona wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na hawakushangaa. Walidhani linapelekwa kuchajiwa, kama simu. Kila mwezi alipigiwa simu kutoka ofisi ya mradi, na majibu yake yote yalikuwa ya kweli.

“Boya lipo salama, mzee?”

“Salama kabisa.”

“Usiku nako vipi, hakuna wezi?”

“Halijawahi kulala nje hata siku moja.”

“Na chumvi? Mnaifuta kama tulivyofundisha?”

“Kila siku.”

Jibu hili la mwisho linahitaji maelezo. Maji ya Eyasi yana magadi mengi, na boya likitoka humo huwa na utando mweupe. Mafunzo yalisisitiza kwamba utando huo ufutwe kwa kitambaa laini. Silvanus alikuwa na kitambaa hicho, lakini aligundua mapema kwamba ng'ombe wanaifanya kazi ile vizuri zaidi. Ng'ombe wa nyanda hizi wanapenda magadi kama watoto wanavyopenda sukari. Usiku walilala wakicheua. Alfajiri, wanyama wanapoamka na kuanza kusubiri mlango ufunguliwe, walilizunguka boya na kulilamba, wakilisukuma huku na huko, huyu akimnyang'anya yule, mpaka likang'aa. Paa la upande wa ng'ombe katika nyumba ya Silvanus bado ni la nyasi. Lingekuwa la bati, pengine setelaiti isingesikia kitu.

Setelaiti ilisikia yote. Ilisikia ziwa lililotulia usiku kucha kwa namna ambayo maji hayatulii, kisha, alfajiri, mawimbi makali yasiyo na mwelekeo, yakipanda ghafla, yakigongana, na kukoma mara jua linapochomoza. Boya lilikuwa pia na kifaa cha kuonyesha mahali lilipo, lakini huduma hiyo ililipiwa kwa maboya ya baharini tu. Kwa kompyuta, boya la Eyasi lilikuwa pale lilipozinduliwa.

Kompyuta ilifanya kilichotakiwa, yaani kujifunza. Baada ya wiki chache ilikwisha kuzoea mawimbi ya alfajiri, na ikaanza kuyatabiri tangu jioni. Ilisema kesho alfajiri yatakuja, nayo yalikuja. Bahari hubadilika; upepo wa kusi unaweza kuchelewa na kuwaumbua wataalamu. Ng'ombe hawachelewi. Ripoti ya nusu mwaka ilionyesha kwamba katika vituo vyote vya mradi, hakuna kilichotabiriwa kwa usahihi kama Ziwa Eyasi.

Doreen, mtaalamu kijana wa mambo ya bahari aliyekuwa na jukumu la takwimu, aliandika makala kuhusu jambo hilo. Alipendekeza kwamba hewa baridi ya usiku hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, huteleza bondeni, na kuliamsha ziwa kabla ya jua kutoka. Kwa mtu ambaye hajafika, maelezo hayo yanavutia sana. Makala ilikubaliwa kusomwa kwenye mkutano Zanzibar.

Mwaloni, maendeleo haya ya sayansi yalipokewa kwa namna nyingine. Fabian, mwenyekiti wa kamati ya mwalo na mtoto wa kiume pekee wa Marsela, alipata meseji kila alfajiri: mawimbi makubwa, msiingie ziwani. Alfajiri ndiyo saa ya kambale. Wiki ya kwanza wavuvi walitii, wakakaa ufukweni wakitazama maji yaliyolala kama maziwa kwenye kibuyu. Wiki ya pili waliingia wakiwa na hofu. Wiki ya tatu waliingia wakicheka, na baada ya hapo Fabian alianza kuzisoma meseji za mradi kinyume, na akawafundisha wenzake.

“Wakikwambia hatari, tweka,” alisema. “Wakinyamaza, ndiyo uangalie.”

Basi alasiri moja, mawimbi ya kweli yalipopimwa na boya likiwa majini, na meseji ya onyo ikaja kama ilivyopaswa, Fabian aliisoma na kuendelea kutandaza nyavu. Upepo ulimpindua. Eyasi si ziwa la kina kirefu, na urefu wa Fabian mwenyewe ulimsaidia: aliposimama, maji yalimfika kidevuni, akatembea kwenye tope hadi nchi kavu bila nyavu na bila mtumbwi. Angekuwa mfupi kwa shubiri moja, Marsela angekuwa na hasara ya pili.

Doreen hakujua habari hizo alipoamua kuja Baray kujionea mawimbi yake kabla ya mkutano. Aliandika kwa serikali ya kijiji kwamba atafika Alhamisi. Kazi yake Arusha iliisha mapema, akafika Jumatano jioni, na kwa hiyo, bila kukusudia, alikuwa mtu wa kwanza wa mradi kufanya kile ambacho Silvanus alikuwa amekingoja tangu siku ya makabidhiano. Mwenye mali alikuja bila taarifa.

Alisimama mwaloni akiwa na darubini shingoni. Ziwa lilikuwa tupu. Fabian alikuwa akishona wavu wa kuazima.

“Habari za jioni, kaka. Natafuta boya la mradi.”

“Boya limeshakwenda kulala, dada.”

“Limekwenda wapi?”

“Kulala. Umechelewa kidogo tu, mngepishana hapo njiani.” Alimtazama kutoka viatu hadi darubini. “Wewe ndiye unayetutumia meseji?”

“Ofisi yetu, ndiyo.”

“Basi karibu. Tulikuwa tunakuongelea sana.”

Fabian alimpandisha hadi nyumbani kwa Silvanus, na wavuvi wengine wawili wakafuata nyuma, kwani hapakuwa na kazi nyingine. Brigita alikuwa anakamua. Silvanus alipoambiwa mgeni ni nani, aliingia ndani, akabadilisha shati, akatoka na kigoda.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Shikamoo, mzee. Naambiwa boya liko kwako.”

“Marahaba. Lipo. Kaa kwanza.”

“Ningeomba nilione.”

“Utaliona. Kunywa kwanza.”

Brigita alimpa kikombe cha maziwa ya moto. Doreen alieleza kwamba huwa hanywi maziwa jioni. Brigita alieleza kwamba mwenye mali akija kuangalia mali yake hupewa maziwa, na kwamba asiyekunywa anakuwa kama amekuja kugombana.

“Lakini boya halitoi maziwa, mama,” alisema Doreen, ambaye bado alikuwa anafikiri kuna mzaha.

“Haya ni ya hao wanaolilamba.”

Doreen alikunywa. Kisha Silvanus alichukua tochi, akafungua mlango wa ndani, na kumwonyesha. Boya lilikuwa kwenye nyasi safi, la manjano, liking'aa kuliko siku liliponunuliwa. Ng'ombe mwekundu alikuwa amelilalia kwa kidevu. Silvanus alisimama pembeni na tochi kama mtu anayengoja mwenye ng'ombe ahesabu mbavu na kuridhika.

Doreen hakuhesabu chochote. Aliomba kile kigoda. Baada ya muda alifungua kompyuta yake ndogo na kuiweka magotini, na ile grafu ambayo ingeonyeshwa Zanzibar ikawaka katikati ya harufu ya samadi: mstari ulionyooka usiku kucha, kisha vilele vya alfajiri, kisha utulivu.

“Hapa,” aliuliza polepole, “saa kumi na moja hivi. Kunakuwa na nini humu ndani?”

“Wanaamka,” alisema Silvanus.

“Na hapa inakoma kwa nini?”

“Nawafungulia.”

Alisogeza kidole. “Kuna siku moja kila wiki haya mawimbi yanaendelea mpaka saa tatu. Hiyo ndiyo tulishindwa kabisa kuieleza. Tuliandika kwamba inahitaji utafiti zaidi.”

“Misa,” alisema Brigita kutoka kwenye ndoo yake. “Jumapili tunakwenda misa ya kwanza, wao wanatungoja humo humo.”

Fabian alianza kucheka, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. “Kwa hiyo miezi yote hii,” alisema alipoweza, “ninazuiwa kuvua na ng'ombe wa Baba Laurencia.”

“Ulizuiwa lini?” alisema Silvanus. “Kila siku ulikuwa ziwani.”

Doreen hakucheka. “Mzee, nani alikwambia ulilete nyumbani?”

“Nani alisema lilale nje?”

Mwongozo wa mtunzaji ulikuwa na kurasa arobaini, na aliyeuandika ni Doreen mwenyewe. Ulikuwa na sura ya wizi, ya dhoruba, na ya papa. Hakuna mahali ulipotaja kwamba boya linapaswa kubaki majini usiku, kwa sababu ileile iliyofanya usitaje kwamba samaki wasikaangwe juu yake.

“Itabidi niondoke nalo,” alisema hatimaye. “Takwimu zote zimeharibika. Nitaandika kwamba boya lilikuwa na hitilafu. Wewe hutalaumiwa, mzee.”

Alidhani anamfanyia wema. Silvanus aliweka tochi chini.

“Ukiondoka nalo kesho, watu watakuona umelibeba,” alisema. “Hawatasoma ulichoandika huko. Watasema Silvanus amenyang'anywa. Kama nimelitunza vibaya, sema hapa. Kama nimelitunza vizuri, kwa nini unalichukua?”

Hakukuwa na sura ya swali hilo katika mwongozo. Aliyejibu alikuwa Fabian, akiwa ameacha kucheka. Alimweleza Doreen habari za alasiri ile: meseji ilikuja, ilikuwa ya kweli, naye aliipuuza kwa sababu ile ya alfajiri ya siku hiyohiyo ilikuwa imemdanganya.

“Mimi maji yalinifika hapa,” alisema, akionyesha kidevu. Alimnyooshea kidole mwenzake aliyesimama mlangoni. “Huyu yangemfunika. Ukilichukua boya, tunabaki bila onyo la kweli na bila la uongo. Liache. Ila lilale kwenye maji.”

Makala ya Doreen ilikuwa imekwisha kufa, na hilo, kwa sifa yake, alilipokea haraka. Kilichokuwa mbele yake ni kituo chenye mtunzaji ambaye hakukosa siku hata moja, jambo ambalo vituo vya bahari havina. Pangani, boya liliwahi kufungwa mlangoni pa baa kama taa.

“Sawa,” alisema. “Libaki. Lakini kuanzia kesho lilale ziwani.”

“Siwezi,” alisema Silvanus.

Hakuwa mkaidi. Alieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mali ya mtu ikilala nje na kupotea, aliyeitunza ndiye aliyeipoteza, na kwamba hilo limeshamkuta yeye mara moja. Kama mwenyewe anataka ilale nje, ni haki yake. Basi aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba ikipotea, si juu ya mtunzaji.

“Nasema basi. Hawa wamesikia.”

“Hawa ni wavuvi. Asikie Mama Fabian.”

Asubuhi yake, Alhamisi, siku ambayo ziara ilipaswa kuanza, Marsela aliitwa mwaloni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, wa shuka na fimbo, na alikuja bila haraka. Doreen, mwenye shahada mbili, alisimama mbele yake na kutamka, kwa Kiswahili alicholazimika kukirudia kwa sababu mara ya kwanza Silvanus hakuridhika na sauti, kwamba boya ni mali ya mradi, kwamba mradi unataka lilale majini, na kwamba likiibwa, likizama au likiliwa na mnyama yeyote, Silvanus Bura hana hatia.

Marsela alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi wangu sikusema alale nje,” alisema.

“Najua, mama,” alisema Silvanus. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kumtaja mtamba yule.

“Basi sawa. Nimesikia.” Akaenda zake.

Boya lililala majini. Silvanus alilala ufukweni akilitazama, maana ruhusa ni jambo moja na kulala usingizi ni jingine. Dar es Salaam ilifuta ng'ombe wote kutoka kwenye kumbukumbu za kompyuta, na alfajiri iliyofuata simu ya Fabian ikapata meseji ambayo haijawahi kuja saa ile: ziwa ni shwari.

Hakuna mvuvi aliyeingia. Walikuwa wamejifunza kusoma kinyume, na kinyume cha shwari kinajulikana. Walisimama ufukweni wakiyakagua maji yaliyotulia, kila mmoja akiona ndani yake jambo la kutisha.

“Mnangoja nini?” aliuliza Doreen.

“Tunaogopa,” alisema Fabian. “Leo mmesema ni salama.”

Doreen alieleza habari za takwimu, usahihi na kufutwa kwa makosa. Walimsikiliza kwa adabu na hawakusogea. Mwishowe Silvanus alivua viatu, akaingia ziwani kama alivyoingia kila siku, akatembea hadi kwenye boya na kusimama pale, maji kifuani, mikono kifuani, bila kutikisika. Alisimama hivyo kwa muda unaotosha kuchosha watazamaji. Hatimaye Fabian alisukuma mtumbwi.

Imani katika meseji ilirudi taratibu, kama ilivyoondoka. Doreen alikwenda Zanzibar baada ya kubadilisha kichwa cha makala yake. Badala ya upepo wa Ngorongoro alizungumzia ushirikishwaji wa jamii katika utunzaji wa vifaa, na alipigiwa makofi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, upepo usingeyapata. Mwongozo wa mtunzaji sasa una kurasa arobaini na moja. Usahihi wa utabiri wa Ziwa Eyasi umeshuka hadi wastani wa kawaida, kwa kuwa sasa unatabiri mawimbi.

Mwezi wa nane, alasiri yenye jua kali na anga safi, meseji ilisema upepo unakuja. Kwa macho hapakuwa na dalili. Fabian alisitasita, akatazama ufukweni, akamwona Silvanus amesimama nchi kavu, viatu miguuni, basi akavuta nyavu na kurudi, na wenzake wakamfuata wakimlaumu kwa kuwapotezea samaki. Walikuwa bado wanamlaumu wakati ziwa lilipogeuka jeupe kwa povu.

Siku mbili baadaye Marsela alivuka mfereji na kupanda mwinuko, akiwa na kitu kwapani ndani ya kipande cha kanga. Brigita alimwona kwa mbali na kumwita mumewe. Marsela alikaa kwenye kigoda, akanywa maziwa, akauliza hali za mabinti, akaeleza hali ya vitunguu. Kisha alifungua ile kanga na kuweka chini tetea mweusi, ambaye alijikung'uta na kuanza kudonoa.

“Huyu ni wa kutunza,” alisema. “Mayai ni yenu. Vifaranga ni vyangu.”

Silvanus alimtazama kuku yule. “Na ng'ombe, mama?”

“Ng'ombe bado.”

Kuku analala ndani. Marsela amekwisha kuja mara nne kumwona, zote bila taarifa.